Mshahara wa Rubani Mpya na Ngazi Anayoipanda

Watu wengi huamini kwamba rubani wa ndege ya abiria ni mtu mwenye kipato kikubwa tangu siku ya kwanza anapovaa sare, kwa kuwa ukubwa wa dhamana aliyobeba na gharama ya mafunzo aliyopitia huonekana kuwa mambo yasiyoweza kukaa nyumba moja na ufukara. Nchini Marekani, penye mojawapo ya masoko makubwa kabisa ya usafiri wa anga duniani, imani hiyo kwa muda mrefu haikuwa na ukweli wowote kwa rubani anayeanza. Kuanzia miaka ya mwanzo ya 2000 hadi mwaka 2014 hivi, rubani mpya wa shirika dogo la ndege alilipwa takriban dola 20 hadi 25 kwa saa ya kuruka, kiasi ambacho kwa mwaka mzima kilifikia dola 20,000 au kuzidi kidogo kabla ya kodi, ilhali wenzake waliokuwa kileleni katika mashirika makubwa walipata mara kadhaa ya hapo kwa kuongoza ndege chini ya sheria zilezile na katika anga lilelile. Tofauti hiyo haikutokana na wepesi wa kazi ya rubani mpya, wala haiwezi kuelezwa kwa uhaba wa fedha katika biashara ya ndege peke yake. Ilitokana na namna kazi yenyewe ilivyopangwa, na walioipanga hawakuwa waajiri pekee.

Ndege ya abiria huongozwa na marubani wawili. Anayeketi kushoto ni rubani mkuu, ambaye wengi humwita kapteni, na ndiye mwenye kauli ya mwisho. Anayeketi kulia ni rubani msaidizi. Jina hilo la pili huwapotosha watu, kwani msaidizi si mwanafunzi wala si mtu wa kushika begi la mkubwa wake. Kwa desturi marubani hao wawili hupokezana safari, huyu akirusha ndege kwenda na yule akiirusha kurudi, na kapteni akizidiwa na ugonjwa hewani ni msaidizi atakayeitua. Rubani mpya anayezungumziwa katika makala haya ndiye huyo wa kulia.

Neno "saa" katika malipo ya marubani lina maana yake ya pekee. Rubani wa Marekani kwa kawaida halipwi kwa muda anaokuwa kazini, bali kwa muda ambao ndege iko safarini, yaani tangu breki ya maegesho inapoachiwa ili ndege iondoke mlangoni mpaka inapofungwa tena mwisho wa safari. Rubani msaidizi anaweza kuripoti uwanjani saa kumi na moja alfajiri, akapita ukaguzi wa usalama, akasoma taarifa za hali ya hewa, akaizunguka ndege gizani na tochi mkononi akitazama matairi, mbawa, pangaboi na dalili za mafuta yanayovuja, kisha akapanda kuandaa mitambo na kuhakiki uzito wa mizigo, na katika muda wote huo saa yake ya malipo ikawa haijaanza kuhesabu. Theluji ikiichelewesha ndege kwa saa mbili kabla haijaachia breki, saa hizo mbili nazo si zake. Siku yenye safari nne fupi za saa moja moja, ikiisha saa kumi na moja jioni, humpa saa nne za malipo kwa saa kumi na mbili alizokaa ndani ya sare. Na kwa kiwango cha dola 22, mapato ya siku hiyo yakigawanywa kwa saa zote kumi na mbili, yanatoka dola 7 na senti 33 kwa saa. Kima cha chini cha mshahara kilichowekwa na serikali kuu ya Marekani tangu mwaka 2009 ni dola 7 na senti 25.

Ni kweli kwamba mikataba huweka kinga fulani. Iliyo ya kawaida ni dhamana ya mwezi, ambayo kwa mashirika mengi ni takriban saa 75, ili rubani asirudi mikono mitupu pale ratiba inapokuwa nyepesi. Lakini saa 75 kwa dola 22 ni dola 1,650 kwa mwezi kabla ya kodi na bima, na rubani mpya, kwa kuwa yuko chini ya wote, mara nyingi hupangiwa zamu ya kusubiri, yaani hukaa karibu na uwanja simu ikiwa mkononi, akiwa tayari kuziba pengo la mwenzake aliyeugua au kukwama njiani. Anayesubiri hivyo hawezi kushika kibarua kingine siku hiyo, wala hawezi kuongeza saa zake ikiwa simu haikulia.

Kabla ya kuufikia mshahara huo, kijana alikuwa amekwisha kutumia fedha nyingi mno. Leseni ya kwanza, ya kurusha ndege binafsi, huhitaji angalau saa 40 za kuruka. Hufuata kibali cha kuruka kwa kutegemea vyombo pasipo kuona nje, kisha leseni ya biashara ambayo kwa njia ya kawaida huhitaji saa 250, halafu kibali cha ndege ya injini mbili na cha ukufunzi. Kwa bei za leo mafunzo hayo yote katika shule inayoyatoa kwa mfululizo hupita dola 100,000, na kwa asiye na mzazi tajiri wala utumishi wa jeshini nyuma yake, fedha hizo ni mkopo wenye riba. Baada ya hapo huja kazi ya kukusanya saa. Njia iliyozoeleka ni ukufunzi, ambapo mhitimu wa juzi huketi ndani ya Cessna ya injini moja akimfundisha mwanafunzi wa leo namna ya kutua, mara kumi kwa asubuhi moja, huku saa zote zikiandikwa katika daftari lake la kuruka. Wengine huvuta mabango ya matangazo juu ya fukwe, au hupiga picha za ardhi kutoka angani, au huwapandisha warukaji wa miavuli. Hakuna kazi kati ya hizo inayolipa vizuri, kwa sababu kila anayeifanya yuko njiani na kila mwajiri analijua hilo.

Kisa kizima cha mishahara hiyo kimefungwa ndani ya jambo moja ambalo abiria halioni, nalo ni orodha ya ukongwe kazini. Katika mashirika ya ndege ya Marekani kila rubani ana namba inayotokana na tarehe aliyoajiriwa, na namba hiyo ndiyo inayoamua aina ya ndege atakayoongoza, kituo atakachofanyia kazi, siku atakazopumzika, kama Krismasi atakuwa na watoto wake au katika hoteli ya mji asioujua, na lini atahama kiti cha kulia kwenda cha kushoto. Umahiri hauipandishi namba hiyo. Hupanda tu pale walio juu wanapostaafu, kufariki au kuondoka, au shirika linapokua na kuajiri wengine chini yake. Utaratibu huu ulijengwa na vyama vya marubani kwa nia njema, kwani rubani akipandishwa cheo kwa kupendwa na meneja atashindwa kukataa kuruka pale meneja anapotaka aruke katika hali ya hatari. Kinga hiyo ni ya thamani na haifai kubezwa. Lakini ina bei yake, na bei hiyo hulipwa na mgeni.

Bei yenyewe ni kwamba namba haihamishiki. Rubani mwenye miaka 15 katika shirika moja akihamia jingine huanza mwisho wa orodha na kwenye mshahara wa mwaka wa kwanza, kana kwamba hajawahi kugusa usukani wa ndege ya abiria. Shirika likifilisika na kufungwa, ukongwe wa rubani hufa nalo. Hali mbaya ya biashara ikija, wa mwisho kuajiriwa ndiye wa kwanza kupelekwa katika likizo bila malipo, likizo isiyo na tarehe ya mwisho. Baada ya mashambulizi ya tarehe 11 Septemba 2001, shirika la United peke yake liliwatoa kazini hivyo marubani zaidi ya 2,000. Mwajiri anayejua kwamba mfanyakazi wake hawezi kuhama bila kuanza upya hana sababu kubwa ya kumpandishia mshahara, na mfanyakazi anayejua kwamba raha iko kileleni huvumilia mengi pale chini ili asipoteze nafasi yake kwenye foleni. Mshahara mdogo wa kuanzia ulikuwa, kwa hakika, kiingilio cha foleni hiyo.

Kiingilio hicho kiliongezeka baada ya mwaka 1978, Bunge la Marekani lilipopitisha sheria iliyoondoa mamlaka ya serikali ya kupanga nauli na njia za ndege. Kabla ya hapo gharama za mashirika, pamoja na mishahara, zilizingatiwa katika nauli zilizopangwa; baada ya hapo kila shirika lilipambana na wapinzani wapya wenye nauli nafuu. Mwaka 1983 shirika la American lilikubaliana na vyama vyake juu ya mishahara ya ngazi mbili, ambayo iliwaachia waliokuwepo viwango vyao na kuwawekea watakaoajiriwa viwango vya chini zaidi kwa kazi ileile. Marubani wa United waligoma kwa siku 29 mwaka 1985 kwa sababu ya pendekezo la namna hiyo. Jambo la kuhuzunisha katika mikataba ya ngazi mbili ni rahisi kulieleza: hupigiwa kura na wanachama waliopo, na kijana ambaye bado yuko shuleni akijifunza kutua hana kura.

Njia iliyodumu zaidi haikuwa ya ngazi mbili ndani ya shirika moja, bali ya kuigawa kazi kati ya mashirika mawili. Shirika kubwa hupanga ratiba, huuza tiketi na hubeba gharama ya mafuta, kisha hukodi shirika dogo, linaloitwa shirika la kikanda, liendeshe ndege za viti 50 au 70 kati ya mji mkubwa na miji midogo, kwa malipo yaliyopangwa kwa safari au kwa saa. Ndege hupakwa rangi za shirika kubwa na wahudumu huvaa sare zinazofanana na zake, hata abiria akaamini kwamba yuko ndani ya shirika lililoandikwa kwenye tiketi. Mikataba ya marubani wa mashirika makubwa huweka mpaka wa idadi ya viti ambavyo ndege ya shirika la kikanda inaweza kuwa navyo, na mpaka huo ulisogezwa juu kidogo kidogo kila shirika kubwa lilipokuwa taabani na kuomba nafuu. Wakati shirika la kikanda linapogombea zabuni, mafuta si hoja yake na ndege hukodiwa kwa bei zisizotofautiana sana. Gharama iliyobaki mkononi mwake ni watu. Mshindi wa zabuni alikuwa, mara nyingi, yule mwenye wafanyakazi wapya zaidi na mishahara midogo zaidi, na shirika ambalo marubani wake walikuwa wamekaa hadi kufikia viwango vya juu lilijikuta likipoteza kazi kwa sababu hiyo hiyo. Kufikia mwaka 2009 takriban nusu ya safari za ndani za ndege za abiria nchini humo ziliendeshwa na mashirika ya kikanda.

Usiku wa tarehe 12 Februari 2009 ndege ya aina ya Bombardier Dash 8 Q400, aina ambayo abiria wa Air Tanzania na wa Jambojet wanaifahamu vizuri, ilikuwa ikitoka Newark, karibu na jiji la New York, kwenda Buffalo katika jimbo la New York. Tiketi ziliuzwa kwa jina la shirika kubwa la Continental. Mwendeshaji alikuwa shirika la kikanda la Colgan Air. Saa nne na dakika 17 usiku, ikiwa imekaribia uwanja, ndege ilipungua mwendo kupita kiasi, na usukani ukaanza kutikisika kuwaonya marubani kwamba mbawa zinakaribia kupoteza nguvu ya kuibeba ndege hewani. Dawa ya hali hiyo, ambayo hufundishwa tangu saa za kwanza za mafunzo, ni kushusha pua ya ndege ili mwendo urudi. Kapteni aliuvuta usukani kwake. Ndege ilianguka juu ya nyumba katika kitongoji cha Clarence Center, wakafa watu wote 49 waliokuwemo na mtu mmoja aliyekuwa ndani ya nyumba hiyo.

Uchunguzi wa Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafiri uliweka chanzo katika kitendo hicho cha kapteni, lakini vikao vya hadhara vya Mei 2009 vilifungua mlango wa maisha ambayo wananchi hawakuyajua. Rubani msaidizi, mwenye umri wa miaka 24, aliishi na wazazi wake karibu na Seattle, upande wa pili wa bara, na alikuwa amesafiri usiku kucha, sehemu ya njia akiwa ndani ya ndege ya mizigo, ili kuwahi zamu yake Newark. Kinasa sauti cha chumba cha marubani kilihifadhi chafya zake na maneno yake kwamba hajisikii vizuri. Kikao kilielezwa kwamba mshahara wake wa mwaka ulikuwa takriban dola 16,000. Kampuni baadaye ilisahihisha na kusema kwamba kiwango cha kazi yake kilikaribia dola 24,000. Kabla ya hapo aliwahi kufanya kazi ya ziada katika duka la kahawa. Kapteni, ambaye makazi yake yalikuwa Florida, alikuwa amelala katika chumba cha mapumziko cha wafanyakazi uwanjani, jambo ambalo kanuni za kampuni zilikataza. Takriban theluthi mbili ya marubani wa kampuni hiyo waliopangiwa Newark waliishi mbali na kuja kazini kwa ndege, wengine kwa kuwa mshahara wao haukutosha kupanga nyumba katika eneo la New York. Waliokuwa na uwezo kidogo walichangishana kodi ya nyumba ya kulala karibu na uwanja, yenye vyumba vilivyojaa vitanda vya deka, ambamo mtu huingia usiku wa manane kwa kunyata na kutoka kabla ya alfajiri bila kujua aliyelala kitanda cha juu yake ni nani.

Bodi ilisema kwamba huenda uchovu uliathiri utendaji wa marubani wale, ila haikuweza kupima ni kwa kiasi gani. Tahadhari hiyo ni ya haki, na mwandishi yeyote anayedai kwamba mshahara mdogo ndio ulioangusha ndege ile atakuwa anasema zaidi ya ushahidi. Hata hivyo haiwezekani kudai kwamba mshahara hauhusiani kabisa na usalama, ikiwa mshahara ndio unaoamua mtu atalala wapi usiku wa kuamkia kazi, atasafiri umbali gani kuifikia, na kama ataweza kukubali kukosa malipo ya zamu moja kwa sababu ya mafua.

Wiki nne kabla ya ajali hiyo, tarehe 15 Januari 2009, kapteni Chesley Sullenberger wa US Airways alikuwa ametua juu ya maji ya mto Hudson baada ya ndege wa porini kuzima injini zote mbili, na watu wote 155 wakaokoka. Alipoitwa mbele ya kamati ya Bunge mwezi uliofuata, hakutumia muda wake kusimulia ushujaa. Aliwaeleza wabunge kwamba mshahara wake ulikuwa umekatwa kwa asilimia 40, kwamba pensheni yake ilikuwa imefutwa na nafasi yake kuchukuliwa na dhamana ndogo ya serikali, na kwamba hakumjua rubani hata mmoja aliyetaka watoto wake wafuate kazi hiyo. Rubani msaidizi wake, Jeffrey Skiles, alikuwa mtu aliyekwisha kuwa kapteni na kurudishwa kiti cha kulia shirika lilipopunguza marubani. Abiria wale wa Hudson walikuwa na wakongwe wawili mbele yao, na ukongwe huo ulikuwa umelipiwa na nyakati ambazo kazi ya urubani bado iliwavuta vijana bora na kuwatunza.

Familia za waliokufa Buffalo hazikukubali jambo lile lizikwe. Zilikwenda Washington mara kwa mara, na mwaka 2010 Bunge lilipitisha sheria ya usalama wa mashirika ya ndege ambayo, pamoja na kuagiza kanuni mpya za mapumziko zilizoanza kutumika Januari 2014, ilitaka rubani msaidizi wa ndege ya abiria awe na leseni ya juu kabisa ya urubani, ambayo kwa kawaida huhitaji saa 1,500 za kuruka. Nafuu ilitolewa kwa wenye shahada ya urubani, wanaohitaji saa 1,000, na kwa waliotoka jeshini, wanaohitaji 750. Sharti hilo lilianza mwaka 2013. Wapinzani wake walisema, na ni kweli, kwamba marubani wote wawili wa ndege ya Colgan walikuwa na saa zaidi ya 1,500, hivyo sharti hilo lisingewazuia kuwa kazini usiku ule. Ubishi huo haujaisha mpaka leo.

Lakini sheria ilifanya jambo ambalo hakuna kifungu chake kilicholitaja. Iliongeza muda na gharama ya kumfikisha kijana katika kiti cha kulia, ikawa vigumu kumshawishi mtu mwenye akili timamu akope dola 80,000 kwa ajili ya mshahara wa dola 22,000. Marubani waliotakiwa kustaafu wakiwa na miaka 60, kisha mwaka 2007 wakaongezewa hadi 65, walikuwa wameziba ngazi kwa miaka mitano. Kuanzia mwishoni mwa 2012 wakaanza kuondoka kwa makundi, na mashirika makubwa yakawachota marubani wa mashirika ya kikanda. Great Lakes, shirika lililohudumia miji midogo ya magharibi, lilifikia hatua ya kung'oa viti katika ndege zake za abiria 19 ili zibaki tisa tu, kwa kuwa ndege za ukubwa huo ziko chini ya kanuni nyingine zisizohitaji msaidizi mwenye saa 1,500. Mwaka 2018 lilisimamisha safari zake. Republic, mojawapo ya mashirika makubwa ya kikanda, liliomba ulinzi wa mahakama ya ufilisi mwaka 2016 na kutaja uhaba wa marubani miongoni mwa sababu zake.

Mabadiliko makubwa yalikuja baada ya janga la UVIKO-19, wakati mashirika yaliyokuwa yamewastaafisha mapema maelfu ya marubani yalipojikuta yanawahitaji ghafla. Mnamo Juni 2022 mashirika ya kikanda yanayomilikiwa na American yalipandisha malipo ya rubani msaidizi wa mwaka wa kwanza hadi dola 90 kwa saa, sehemu yake ikiwa nyongeza ya muda, na washindani wao wakalazimika kufuata. Mwaka 2023 marubani wa Delta walipata mkataba uliopandisha mishahara kwa asilimia 34 katika miaka minne, na wale wa mashirika mengine makubwa wakapata inayokaribiana nao. Kwa mujibu wa Ofisi ya Takwimu za Kazi ya Marekani, mwezi Mei 2023 mshahara wa katikati wa marubani wa mashirika ya ndege, yaani ule ambao nusu yao hupata zaidi yake na nusu chini yake, ulikuwa dola 219,140 kwa mwaka.

Ni muhimu kusema wazi kilicholeta nyongeza hiyo. Hakuna shirika lililogundua siku moja kwamba rubani mpya anastahili kulipwa kama mtaalamu. Nyongeza ililetwa na uhaba, na kilicholetwa na uhaba huweza kuondoka nao. Kufikia mwaka 2024 kasi ya kuajiri ilikuwa imepungua, na wakufunzi wenye saa 1,500 zilizokamilika walianza kusubiri simu isiyopigwa. Orodha ya ukongwe iko palepale, namba bado haihamishiki, na mkopo bado hulipwa kila mwezi iwe kazi ipo au haipo. Kijana anayeanza mafunzo leo kwa kutazama mishahara ya leo anapaswa kukumbuka kwamba ataingia sokoni baada ya miaka mitatu au minne, na hakuna anayejua foleni itakuwa na urefu gani siku hiyo.

Katika Afrika Mashariki sharti la saa 1,500 halipo, kwani leseni ya biashara kwa viwango vya kimataifa hupatikana kwa saa 200, au 150 katika mafunzo yaliyoidhinishwa. Hata hivyo ngazi ni ileile. Mhitimu wa shule za urubani za uwanja wa Wilson jijini Nairobi hutoka na leseni mkononi, kisha hukuta kwamba waajiri na kampuni za bima wanataka saa asizokuwa nazo, na kazi inayotamaniwa ni ya kurusha Cessna Caravan, ndege ya injini moja inayopeleka watalii Maasai Mara, au kutoka Arusha kwenda Serengeti. Akipata uzoefu wa ndege kubwa, mashirika ya Ghuba humwita kwa mishahara ambayo ya nyumbani haifikii. Kwa kuwa ada ya mafunzo mara nyingi hutoka mfukoni mwa familia, mzazi anayetaka kuuza kiwanja ili mwanawe awe rubani ana haki ya kuiuliza shule, kabla ya kulipa hata shilingi moja, ni wahitimu wangapi wa miaka mitatu iliyopita walio kazini sasa, na wanaruka kwa nani.

Sheria ile ya mwaka 2010 ina kifungu kimoja zaidi ambacho kinamgusa abiria moja kwa moja, akiwemo Mswahili anayeshuka New York kwa ndege ya moja kwa moja kutoka Nairobi na kuunganisha kwenda kwa ndugu zake katika mji mdogo wa ndani. Kinamlazimu kila muuza tiketi aonyeshe, mara tu safari inapotokea kwenye skrini, jina la shirika litakaloendesha ndege yenyewe. Jina hilo huandikwa kwa herufi ndogo chini ya nembo kubwa, baada ya maneno "inaendeshwa na". Msomaji akate tiketi yake baada ya kuusoma mstari huo.